Usifute chombo kilichopinda: rota, bawaba na sevu zenye modi nyingi

Ujumbe tunaoupokea mara nyingi kuliko mwingine wowote kutoka kwa wachezaji wa Kerbal Space Program, gemu ya kujenga na kurusha vyombo vya angani, huwa hivi: "Jana kituo kilikuwa sawa. Leo nimekifungua, mkono wa robotiki umekaa upande, na kila nikirudi umezidi kupinda." Mwingine ataeleza helikopta iliyoanza kutetemeka ikiwa bado chini, ikasambaratika kabla haijaruka. Wengi wanapotuandikia wameshaondoa nusu ya modi zao (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe), na baadhi wameshafuta chombo chenyewe. Hilo la kufuta ndilo linalotuuma, maana chombo kilichopinda mara nyingi hunyooka.

Sisi tunarekebisha sevu za gemu hiyo, yaani michezo iliyohifadhiwa, hasa zile zilizosheheni modi. Tukiangalia vyombo vinavyoletwa kwetu, sehemu inayozunguka ndiyo hulaumiwa kwanza, lakini ubovu mara nyingi uko kwenye vitu vilivyofungwa juu yake.

Tuanze na rota, sehemu inayozungusha pangaboi, kwani hapo tatizo linaonekana kwa namba. Gemu hii imejengwa juu ya injini ya Unity, ambayo haihesabu mwendo mfululizo. Inahesabu kwa hatua, na kwa kawaida hatua moja ni sekunde 0.02, yaani hesabu 50 kila sekunde. Chukua rota ya Breaking Ground, ile nyongeza iliyotoka 2019, uifungue hadi kikomo chake cha mizunguko 460 kwa dakika. Hizo ni digrii 2,760 kwa sekunde. Maana yake, kati ya hesabu moja na inayofuata pangaboi linaruka digrii 55 na ushei, na huko katikati, kwa gemu, halikupita popote. Kiungo kinachoshika rota kinakuta vitu haviko pale vilipotarajiwa, kinavuta ili kurekebisha, kinavuta kupita kiasi, kisha hatua inayofuata kinavuta kurudi. Huo ndio mtetemo unaouona. Ukiharakisha muda mara 4 huku fizikia ikiendelea, hatua inarefuka hadi sekunde 0.08 na pangaboi linaruka digrii 220, zaidi ya nusu mzunguko kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana tunawasihi wateja: rota ikiwa inazunguka, usiguse kuharakisha muda.

Uzito nao una sehemu yake. Viungo vya fizikia havipendi kitu kidogo chepesi kibebe kitu kizito. Bawaba nyembamba iliyoshikilia tangi lililojaa mafuta italegea hata ikiwa haisogei. Weka bawaba kubwa zaidi, au sogeza mzigo karibu na kiini cha chombo, na mara nyingi kuyumba kunakwisha bila kugusa modi hata moja.

Sasa tufike kwenye jambo linalowapotezea watu saa nyingi zaidi: vishikizo visivyoonekana, ambavyo wachezaji huviita otostruti. Vinakaza chombo kwa kuunganisha kipande kimoja na kingine kilicho mbali, bila wewe kuona waya wala nguzo. Kwenye roketi ndefu ni msaada mkubwa. Lakini kishikizo kikivuka bawaba ya modi kama Infernal Robotics, umefunga mlango kwa msumari kisha unausukuma. Mota inasukuma, kishikizo kinakataa, na nguvu inajikusanya mpaka kitu kiachie.

Wanaonaswa hapa wengi hawakuweka kishikizo chochote. Magurudumu na miguu ya kutulia hujifunga yenyewe kwenye kipande kizito kuliko vyote. Ukiweka miguu hiyo mwishoni mwa mkono unaokunjika, imeshajifunga hadi kwenye tangi kuu, ikavuka bawaba zote njiani. Tena mafuta yanapopungua, au unapotia nanga kwenye chombo kingine, kipande kizito kuliko vyote kinaweza kubadilika. Ndipo mkono uliofanya kazi safari nzima unaanza kupiga mateke baada ya kuungana na kituo, na mwenye chombo anadhani nanga ndiyo mbovu. Kabla ya kutuandikia, washa marekebisho ya ziada (Advanced Tweakables) kwenye mipangilio ya gemu, kisha kagua kishikizo cha kila kipande kilicho ng'ambo ya bawaba.

Kupinda kunakoongezeka kila ukifungua sevu ni tatizo jingine kabisa. Kila kipande kina mahali pake pa asili palipoandikwa. Ukihifadhi au ukiharakisha muda wakati bawaba bado inasogea, gemu inaweza kuandika mahali pa muda huo kana kwamba ndipo pa asili. Kosa ni dogo mno kuonekana, ila linajumlishwa juu ya lile la jana. Modi ya KSPCommunityFixes ina rekebisho la jambo hili kwa sehemu za Breaking Ground, nasi tunaipendekeza kwa kila mteja. Inazuia kosa jipya; lililokwisha kuandikwa linabaki pale pale.

Kuliondoa hilo ndiyo kazi yetu. Tunafungua faili la persistent.sfs, ambalo ndilo sevu yenyewe, tunatafuta mistari ya mahali na mwelekeo ya kila kipande kilichohama, na kuilinganisha na faili la .craft ulilojengea chombo. Tunarudisha mistari hiyo tu. Mafuta, wanaanga na matokeo ya sayansi hatuyagusi. Kazi inakuwa ngumu pale chombo kilipojengwa kwa kuunganishwa angani, kwani hakuna faili moja la kulinganisha nalo. Hapo tunakwenda moduli kwa moduli, na tutakuambia mapema kwamba itachukua muda. Kipande kilicholipuka hatuwezi kukirudisha, isipokuwa kama unayo sevu ya kabla ya mlipuko.

Kwa hiyo ukiona mkono umekaa upande, usihifadhi tena. Toka kwenye gemu, nakili folda nzima ya sevu pamoja na ile ya Backup iliyomo ndani yake, kisha tutumie nakala hiyo, faili la .craft, KSP.log (kumbukumbu ya matukio ya gemu) na orodha ya modi kutoka CKAN, programu ya kusakinisha modi. Tuandikie pia ulikuwa unafanya nini dakika chache kabla tatizo halijaanza, hata kama unaona halihusiki.