Barua ya wazi kwa Waziri: Ngome ya Siyu nayo ni yetu

Mheshimiwa Waziri wa mambo ya utamaduni na turathi, salamu kutoka huku Umoja, Nairobi.

Uliza mtoto yeyote wa shule huku mtaani ngome ya pwani atakwambia Fort Jesus, na ni sawa, Wareno walianza kuijenga 1593 na UNESCO wakaiweka kwa orodha yao ya urithi wa dunia 2011. Sasa muulize Siyu. Anakuangalia tu. Hiyo inaniuma sana.

Siyu iko kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu, na ngome yake imekaa pale mkono wa bahari unapofika mjini, mikoko kila upande, maji yakitoka hakuna chombo cha maana kinapita. Na huo mji ulikuwa mji kweli, mafundi wa viatu vya ngozi, wachonga milango, wanazuoni, watu wa kunakili Kurani kwa mkono. Kufika 1837 Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, alikuwa ashawatoa Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, karibu pwani yote inamsikiza, lakini Siyu ikakataa! Miaka ya 1840 akatuma majeshi, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na watu wake wakayarudisha, hadi jemadari wake Hamad bin Ahmed akauawa hukohuko. Said akafa 1856 bado hajaimaliza Siyu, ni mwanawe Majid ndio aliuweka mji chini yake 1863. Mheshimiwa, mambo kama haya mbona tunayaficha?

Naomba pesa ya kuitunza hiyo ngome iwe kwa bajeti ya kila mwaka, tusingoje wafadhili. Na kazi wapewe mafundi wa Pate wenyewe wanaojua chokaa na boriti za mikoko, juu ukuta wa matumbawe ukipigwa simiti unafungia chumvi na unyevu ndani, jiwe linaanza kumomonyoka, kontrakta wa kutoka huku Nairobi anaweza kuharibu akidhani anatengeneza.

Halafu pale Museum Hill, kwa makumbusho ya taifa ya Nairobi, wekeni sehemu ya Siyu peke yake, mtoto wa Kayole atatoa wapi nauli ya Lamu, tena boti mpaka gati la Mtangawanda huko Pate, tena pikipiki? Na kwa vitabu vya shule, Bwana Mataka apewe hata ukurasa mmoja.

Tafadhali tujibu, kama bajeti ya mwaka huu ishafungwa tuambie ya mwaka ujao Siyu itapata ngapi.