Wanangu mnaorusha picha za Rawlings, nisikilizeni kidogo

Wanangu, marahaba. Naona siku hizi mnarushiana picha za Jerry Rawlings wa Ghana kavaa gwanda, mnaandika tungempata mmoja tu kama huyu mambo yangenyooka. Siwagombezi, 1979 nilikuwa kijana kama nyie, sikio kwenye redio, na nilishangilia vilevile. Ndo maana nawaandikia.

Alikuwa rubani wa jeshi la anga, miaka 31. Mei 15 akajaribu mapinduzi yakafeli akakamatwa, mahakamani akasema vijana wake waachwe, lawama zote abebe yeye, na watu wakampenda hapo hapo. Juni 4 askari wenzake wakamtoa mahabusu, nchi ikawa mikononi mwao, na mwezi haujaisha maofisa wakubwa wanane wameshapigwa risasi, watatu kati yao waliwahi kuwa wakuu wa nchi, Acheampong, Afrifa na Akuffo. Sisi tukasema safi sana, wala rushwa wamekwisha.

Agosti askari wakabomoa soko la Makola pale Accra. Makola haikuwa mali ya majenerali jamani, ilikuwa ya kina mama wachuuzi, eti wao ndo wanapandisha bei. Hapa nawaomba mtulie, yaani bunduki ilianza na jenerali ikamfikia mama wa sokoni na miezi mitatu haijatimia!

Septemba akamkabidhi nchi Rais Limann aliyechaguliwa na wananchi, halafu Desemba 31, 1981 akarudi akampindua. Juni 1982, usiku, watu hawaruhusiwi kutoka nje, majaji watatu na meja mmoja mstaafu wakachukuliwa majumbani kwao wakauawa, na mmoja wa waliohukumiwa kifo kwa hilo alikuwa mjumbe wa baraza lake mwenyewe la utawala. 1983 ikaja ukame, moto ukala mashamba, Waghana zaidi ya milioni moja wakafukuzwa Nigeria wakarudi kwenye njaa, watu wakakonda mpaka mifupa ya chini ya shingo ikachomoza wakaiita mkufu wa Rawlings. Mwaka huo huo mwanamapinduzi wetu akaenda kukopa IMF.

Sasa sikilizeni na hili, maana mimi bado namheshimu na sababu ni hii. 1992 ikaja katiba mpya, rais vipindi viwili basi, akagombea akashinda, 1996 akashinda tena. 2000 muda wake ukaisha, mgombea wa chama chake Atta Mills akashindwa, na Januari 7, 2001 Rawlings akamkabidhi nchi Kufuor wa upinzani. Alikuwa na miaka 53 tu, nguvu anazo, jeshini bado ana watu wanaompenda, na akaondoka. Tangu hapo Ghana vyama vimepishana ikulu kwa kura, 2009, 2017, 2025. Mbona picha ya siku ile hamuirushi? Mnamrusha yule wa Juni 4, mimi nampenda huyu wa Januari 7, na kumfikia huyu ilibidi Waghana wavumilie miaka zaidi ya 20 na makaburi ambayo hamuyataji.

Wale majaji waliitwa Sarkodee, Agyepong, na mama Koranteng-Addow aliyekuwa bado ananyonyesha. Nimewaandikia majina kwa sababu kwenye zile picha zenu sijawahi kuyaona.