Waziri hakubanwa, alishukuriwa

Ndugu Mhariri,

Kila Bunge linapokaa Dodoma, magazeti yetu hujaa vichwa vya "Mbunge ambana waziri" na "Wabunge waijia juu Serikali". Ukiisoma habari hadi mstari wa mwisho, kisha ukafungua Taarifa Rasmi ya kikao hicho, ile tunayoiita Hansard, aghalabu unakuta waziri hakubanwa popote. Aliulizwa, akasoma karatasi, akashukuriwa, akaketi. Naomba nafasi nieleze swali la mbunge linavujia wapi, na niombe gazeti lako libadili namna ya kuyaripoti maswali hayo, maana sisi wa Dar es Salaam Bunge tunalifuatilia zaidi kupitia kwenu.

Haki ya kuuliza haina utata. Ibara ya 63(2) ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara ndogo ya (3) inaorodhesha njia za kuifanya kazi hiyo, na ya kwanza kabisa, kabla ya bajeti na kabla hata ya kutunga sheria, ni kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Tatizo liko kwenye namna haki hiyo inavyotumika.

Swali la msingi hupelekwa kwa Katibu wa Bunge kwa maandishi, likapewa namba na kupangwa kwenye Orodha ya Shughuli. Wizara inaliona mapema. Wataalamu wanaandaa jibu, wakubwa wanalipitia, na asubuhi ya kikao Naibu Waziri anasimama: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Hapo hakuna anayeshtukizwa. Katika maswali ya aina hii, mahali pekee ambapo Serikali haina karatasi mkononi ni kwenye maswali mawili ya nyongeza anayoruhusiwa muulizaji. Sasa tazama yanavyotumika. Mbunge anaanza, "Pamoja na majibu mazuri ya Serikali," hata kama jibu halikuwa na kitu. La kwanza analirudia lile lile la msingi kwa maneno mengine. La pili analipeleka kwenye barabara nyingine, kata nyingine, au anaomba waziri afuatane naye jimboni. Waziri anakubali safari kwa moyo mweupe. Kwa nini asikubali? Safari haimfungi kwa lolote.

Ugonjwa mkubwa zaidi umo katika maneno mawili: "Ni lini". Je, ni lini Serikali itajenga? Je, ni lini italipa? Linasikika kali, lakini ndilo swali rahisi kuliko yote kujibu, kwa sababu majibu yake yameshatengenezwa tayari: "kadri ya upatikanaji wa fedha", "upembuzi yakinifu unaendelea", "Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo". Ni funika kombe mwanaharamu apite. Mwaka unaofuata swali linarudi, na jibu linarudi nalo.

Anayetaka jibu la kweli aulize hatua na namba. Mradi wa barabara unapita upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, nyaraka za zabuni, kutangazwa, kusainiwa kwa mkataba, malipo ya awali, hadi mkandarasi kukabidhiwa eneo. Kila hatua ina tarehe. Aulize mradi uko hatua ipi na hatua iliyotangulia ilikamilika tarehe ngapi. Kisha atenganishe vitu viwili ambavyo wizara hupenda vichanganyike: fedha zilizotengwa na fedha zilizotolewa. Kutengwa ni maandishi kwenye kitabu cha bajeti. Kutolewa ni Hazina kuzipeleka. Swali lenye meno linasema: "Bajeti ya mwaka huu ilitenga kiasi gani kwa mradi huu, na hadi 31 Machi Hazina imetoa kiasi gani?" Hapo "kadri ya upatikanaji wa fedha" haina pa kukaa.

Chukua fidia, jambo linaloumiza watu wengi hapa jijini kila mradi mkubwa unapopita. Mbunge wa kawaida atauliza ni lini wananchi watalipwa, naye ataambiwa uhakiki unaendelea. Lakini sheria imeshaweka saa zake. Kanuni za ardhi za mwaka 2001 zinataka fidia ilipwe kwa wakati, na ikipita miezi sita bila kulipwa, riba inaanza kuhesabiwa. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 nayo inaupa uthamini wa fidia uhai wa miaka miwili. Ukipita huo, kazi inarudiwa kwa bei za wakati huo. Kwa hiyo swali la msingi liwe jembamba kabisa: majedwali ya fidia ya mtaa fulani yaliidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali tarehe ngapi, wenye mali ni wangapi, na waliolipwa ni wangapi? Basi. Asiongeze hotuba.

Mbunge makini anakwenda ukumbini na maswali ya nyongeza ya aina mbili mkononi. Ikitajwa tarehe iliyopita miezi sita, anauliza riba imehesabiwa kwa kiwango gani na ipo kwenye fungu gani la bajeti. Ikitajwa tarehe iliyopita miaka miwili, anauliza uthamini mpya unaanza siku gani, na waliokatazwa kuendeleza nyumba zao katika muda huo wanahesabiwa vipi. Na tarehe isipotajwa kabisa, hilo ndilo la kusimamia: swali la nyongeza linarudi kwenye tarehe, kwa upole, bila kuhamia kwenye zahanati. Naibu Waziri akisema hana takwimu hapo alipo, aombwe alete jibu la maandishi kabla ya mkutano kuahirishwa, na ombi hilo liingie kwenye Hansard.

Kosa jingine dogo lakini la kila siku ni kubisha hodi mlango usio wake. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, kwa hiyo ni za Wizara ya Ujenzi. Barabara za mitaa yetu, zile zinazogeuka mito mvua ikinyesha, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, na anayejibu ni TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Ukiuliza wizara isiyohusika, jibu lote linakuwa kukuelekeza kwa jirani, na nafasi yako imekwisha.

Kwenye sera ya nje hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maswali yenyewe ni machache. Wabunge wengi huona mambo ya nje hayaleti kura. Labda kwingine. Hapa Dar es Salaam mzigo wa Zambia na Congo unapita bandarini, na maelfu wanakula kupitia mzigo huo, kuanzia wakala wa forodha hadi mama lishe wa Kurasini. Aprili 2025 Tanzania ilipozuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, kisha ikaliondoa zuio baada ya siku chache, hilo lilikuwa la Wizara ya Kilimo au la Mambo ya Nje? Ni swali halali. Anayeliuliza aombe tarehe ambayo wizara moja iliiandikia nyingine.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni mkataba baina ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari. Ulisainiwa Oktoba 2022. Bunge liliuridhia kwa azimio tarehe 10 Juni 2023. Katikati hapo kuna zaidi ya miezi saba, na Bunge lilikutana zaidi ya mara moja. Kelele zote tulizozisikia, za kuunga mkono na za kupinga, zilikuja mwishoni, wakati kalamu ilishakauka na kilichobaki ni ndiyo au hapana. Ibara ya 63(3)(e) inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Na Bunge hili likitaka, linaweza kusema hapana mapema: Novemba 2016 lilijadili mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, ule wa EPA, likaishauri Serikali isiusaini.

Kwa hiyo kuna swali moja ambalo lingepaswa kuwa kwenye Orodha ya Shughuli kila mkutano, bila kukosa, hata kama halina mvuto: "Tangu mkutano uliopita, Serikali imesaini mikataba gani ya kimataifa, na ipi kati ya hiyo inahitaji kuridhiwa na Bunge?" Waziri hana pa kusema mchakato unaendelea. Ama anatoa orodha, ama anasema hakuna, na neno "hakuna" likiwa kwenye Hansard lina uzito wake siku mkataba unapoibuka. Swali la nyongeza ni moja tu: nakala zitawasilishwa mezani tarehe ngapi?

Juu ya ulinzi, waziri anaweza kujificha nyuma ya usalama wa taifa, na wakati mwingine kwa haki. Mengi ya hayo huishia kwenye kamati, milango ikiwa imefungwa. Lakini si yote ni siri. Wanajeshi wetu walikuwa mashariki mwa Congo katika kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, na SADC iliamua Machi 2025 kukihitimisha. Mwezi mmoja kabla, tarehe 8 Februari, wakuu wa nchi za SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana hapa hapa Dar es Salaam na kuwaagiza wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Taarifa ya mkutano ilitolewa hadharani. Mbunge hahitaji kuuliza silaha ziko wapi. Anauliza agizo lile lilitekelezwa lini, gharama za kikosi zililipwa kutoka fungu lipi, na familia za waliopoteza maisha zimeshalipwa stahiki zao zote. Hakuna siri ya kijeshi katika hayo.

Maswali kwa Waziri Mkuu, nusu saa ya kila Alhamisi, sina mengi ya kusema. Hayahitaji taarifa ya mapema, jambo ambalo lingeyafanya makali kuliko yote, lakini mara nyingi huishia kuwa maombi.

Nayasema haya yote nikijua kwamba upande mmoja una karibu viti vyote. Ndiyo maana naona ubora wa swali una umuhimu zaidi sasa. Pasipo upinzani wa kutosha ukumbini, kinachobaki ni tarehe na namba zilizoandikwa.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri. Wenzetu wameweka vyombo vya kufuatilia ahadi za mawaziri: Bunge la India lina kamati ya kazi hiyo tangu mwaka 1953, na Bunge la Uganda nalo lina yake. Gazeti halihitaji kusubiri kanuni kubadilishwa. Mwandishi wako anaporipoti swali, aweke namba ya swali, tarehe ya kikao, jina la aliyejibu na wadhifa wake, na maneno halisi ya ahadi yakiwa ndani ya alama za kunukuu, si "Serikali yaahidi neema". Kama jibu halikuwa na tarehe wala kiasi, iandikwe hivyo hivyo: waziri hakutaja tarehe wala kiasi. Neno "ambana" litumike pale tu ambapo mbunge alirudi kwenye hoja ile ile katika swali la nyongeza.

Mkianza na majimbo ya mkoa huu peke yake, kwa mkutano mmoja wa bajeti, Aprili hadi Juni, kazi haitazidi nusu ukurasa kwa wiki. Jedwali lake ni safu nne: namba ya swali, kilichoahidiwa, tarehe iliyotajwa, kilichofanyika. Safu ya nne iachwe wazi hadi Novemba, kisha mpigie simu kila mbunge na kila wizara kabla ya kuijaza.

Msomaji wenu,
Ilala, Dar es Salaam