Elfu arobaini kati ya ngapi?

Mwanangu Salim,

Assalamu alaykum. Ile barua ya kazi uliyonitumia nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani ya babako. Mshahara unashuka kutoka 180,000 hadi 110,000, na pengo wanaliziba kwa hisa 40,000. Kati ya ngapi, Salim? Hawakuandika, nawe hukuuliza. Zote zikiwa milioni 1, fungu lako ni asilimia 4. Zikiwa milioni 100, ni asilimia 0.04, na barua ni ileile.

Wanawake wa chama nimeshawaambia umetakwa Nairobi. Vigelegele vilifika kwa jirani. Lakini miaka yote hii nashika vitabu vya SACCO, na mwanangu anataka kutia saini bila kusoma ukurasa wa pili!

Wameandika hapo kwamba si hisa bado, ni haki ya kuzinunua kwa bei waliyoipanga. Zinakuwa zako kidogo kidogo kwa miaka 4, na kabla ya miezi 12 huna hata moja. Wakikuachisha mwezi wa kumi na moja, umetoka mikono mitupu. Ukimaliza mwaka unapata robo, 10,000, na ukiacha kazi una siku 90 tu za kuzilipia kwa pesa zako. Tena wakiingia wawekezaji wapya zinatolewa hisa nyingine, fungu lako linapungua, na kampuni ikiuzwa wao mara nyingi wameshaandikiana kulipwa mwanzo. Sasa kati ya ngapi? Uliza jumla yote, pamoja na zile walizowatengea wafanyakazi ambao hawajaajiriwa.

Sikukatazi. Mwenye kampuni nimemsikia kwenye simu, anaongea kwa adabu. Mimi nawaza kodi ya nyumba mwezi wa tatu.

Na ya 2008 usinikumbushe. Zile hisa za Safaricom zilikuwa na foleni mpaka barabarani, nami nilipanga foleni. Pesa niliyonunulia ilikuwa ada yako ya shule, nawe hukusema neno.

Tangi limepasuka tena, babako ameliziba kwa sabuni na anajisifu. Usitume pesa, fundi nimeshamlipa. Mdogo wako anapanda basi Alhamisi, atakuletea achari ya maembe na mabuyu. Zile chupa mbili nizione zimerudi, na jibu la kampuni mpe yeye kwa maandishi, kwa simu unanichanganya.

Mamako