Maji ya Mto Pangani yanayofika baharini hayapotei bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kauli ambayo imezoeleka mno kila panapojadiliwa kilimo cha umwagiliaji, kwamba maji ya mto yanayoishia baharini ni maji yanayopotea bure. Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi na ninaishi Pangani, mahali ambapo maji yaliyoanza safari katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru yanakutana na Bahari ya Hindi, kwa hiyo siwezi kuiacha kauli hiyo ipite bila kujibiwa.

Miaka 20,000 hivi iliyopita, sehemu kubwa ya kaskazini mwa dunia ilipokuwa imefunikwa na barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa takriban mita 120, na mito ya pwani ilichimba mabonde yake kuifuata bahari hiyo iliyokuwa imerudi nyuma. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda na kuyajaza mabonde hayo, na ilipotulia, miaka 6,000 hadi 7,000 iliyopita, mito ikaanza kuijaza upya milango yake kwa tope na mchanga. Chembe za udongo wa mfinyanzi zikiwa katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, husukumana na kuelea, lakini zikifikiwa na chumvi hushikana, huwa nzito na kuzama, na ndiyo maana tope hurundikana hasa pale maji ya mto na ya bahari yanapochanganyika. Juu ya tope hilo ndipo ilipoota mikoko yetu.

Maji hayo mawili hayachanganyiki kirahisi kama wengi wanavyodhani. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, na lita 1,000 zake zina uzito wa takriban kilo 1,025, wakati za mto hazizidi sana kilo 1,000. Anayetaka kulishuhudia hilo na apande ngalawa wakati maji yanajaa, hasa siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, achote maji ya juu kwa kata na kuyaonja, kisha ateremshe chupa iliyofungiwa jiwe na aivute kamba ya kizibo ikifika chini. Mahali pengi ataona kuwa ya juu hayana chumvi kali, ilhali ya kwenye chupa ni bahari tupu, iliyopenya chini kwa chini kuelekea bara. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, mikondo huwa na nguvu, ikayavuruga na kuyachanganya zaidi, lakini bamvua hiyo hiyo huisukuma chumvi mbali zaidi juu ya mto. Kinachoizuia isiendelee kupanda ni msukumo wa maji ya mto wenyewe. Mto ukidhoofika kiangazi, bahari hupanda. Masika ikinyesha vizuri, hurudishwa.

Viumbe wa hapa wameumbwa kuishi na mabadiliko hayo, lakini uvumilivu wao una mpaka. Mchu, aina mojawapo ya miti ya mikokoni, huinyonya chumvi na kuitoa kupitia majani yake, kiasi kwamba jua likipanda unaweza kuiona punje kwa punje juu ya jani na kuionja kwa ulimi, na mkoko huiotesha mbegu yake ingali mtini ili ikianguka iwe tayari kushika tope. Kamba hutaga baharini, kisha watoto wao huingia katika vijito vya mikoko kujificha na kukua kabla ya kurudi kwenye maji makuu. Mvuvi anayewavua baharini anavuna kilichokulia mlangoni mwa mto, na ukuaji huo hutegemea maji baridi na rutuba inayoletwa na mafuriko ya masika. Maji hayo yamepotea wapi?

Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960, na chini yake kuna mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Napenda kuwa mwadilifu hapa: mitambo haiyali maji, kwa kuwa yakishapita hurudi mtoni. Lakini bwawa pana lililo katika eneo kame hupoteza maji mengi kwa mvuke na hupunguza nguvu ya mafuriko, na mashamba ya juu huchukua maji ambayo kwa sehemu kubwa hayarudi. Upungufu huo wote huja kuonekana kwetu tulio mwisho wa mto, ambako wenye minazi na visima kandokando ya mto wamekuwa wakilalamikia chumvi kwa muda mrefu.

Wenzetu wa Rufiji wanalijua jambo hili kwa upande mwingine. Baada ya mafuriko ya 1978 sehemu kubwa ya mto ule ilihamia matawi ya kaskazini ya delta, maji ya huko yakapungua chumvi na wakulima wa mpunga wakayafuata, hata wakafyeka mikoko, huku upande wa kusini ukizidiwa na bahari. Kilichobadilika ni mgawanyo wa maji ya mto tu, lakini kilihamisha mashamba na watu.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua kuwa sehemu ya maji ya mto lazima itengwe kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe. Naomba mlango wa mto uhesabiwe waziwazi katika fungu hilo. Kabla ya kutoa vibali vipya vya kuchukua maji, mamlaka zinazohusika zipime chumvi katika vituo vya kudumu, kuanzia kivuko cha Bweni hapa mlangoni kwenda juu, kwa maji ya juu na ya chini, katika bamvua za kiangazi chumvi inapofika mbali zaidi, na vipimo hivyo vibandikwe katika ofisi za vijiji ambako mwenye minazi na mvuvi wataweza kuvisoma.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Pangani, Tanga