Barua kwa Mwanangu: Jina Lako Liko Wapi Hapa?

Makadara, Nairobi

Mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na ni jina hilo lililonifanya nishike kalamu leo. Jumanne ulirudi kutoka kwenye usaili ukaketi jikoni bila hata kuvua viatu. Ulisema waliisoma shahada yako, wakaiweka kando, kisha mmoja wao akakuuliza, "Kazi yako tunaweza kuiona wapi?" Ukakosa la kuwaonyesha. Miaka mitatu ya kutengeneza mitambo ya hospitali, na hakuna mahali hata pamoja ambapo mgeni angeweza kuiona.

Usiku ule sikulala vizuri, kwa kuwa swali hilo niliwahi kuulizwa mimi.

Unajua nimeandika mabango kwa brashi tangu kabla hujazaliwa. Kuanzia Shauri Moyo na Kaloleni hadi huku Barabara ya Jogoo, kulikuwa na bucha, vinyozi na maduka ya dawa yenye herufi za mkono wangu. Nilipiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, nikachora kichwa cha fahali hadi watoto wa shule wakawa wanasimama kukitazama. Fundi aliyenifunza alipenda kusema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwake yeye kutia jina pembeni mwa bango la mteja kulikuwa kujitembeza. Nikamtii. Kisha mtu mmoja akazipiga picha kazi zangu, akazipeleka kwa mwenye maduka kadhaa, akapewa kandarasi kana kwamba ndiye aliyezichora. Nilipokwenda kudai haki yangu, mwenye maduka aliniuliza kwa upole kabisa, "Mzee, jina lako liko wapi hapa?" Halikuwepo. Sikuwa na shahidi hata mmoja zaidi ya mkono wangu.

Methali ile nilikurithisha wewe, na nimekuja kutambua kwamba nilikupa nusu yake. Chema chajiuza kikiwa kimeanikwa. Koti zuri pale Gikomba, soko la mitumba, hujiuza baada ya kutolewa kwenye belo na kutundikwa juu watu walione. Ndani ya belo ni kitambaa tu.

Nilimwomba mdogo wako anifungulie ukurasa wako wa LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi. Umeandika kwamba wewe ni mhandisi mwenye ari, anayejituma na kupenda kushirikiana na wenzake. Mama, hayo ni maneno ya kila mtu. Neno Executive nimeliandika juu ya milango ya vinyozi wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sijamwona mteja aliyevutwa nalo. Walivutwa na ile michoro ya vichwa ukutani. Mtu alikuwa anasimama, ananyoosha kidole, anasema, "Ninyoe kama huyu."

Sasa kumbuka Jumapili ile uliyokuja na kichujio kikuukuu cha mashine ya oksijeni. Ulikigonga juu ya gazeti, kikamwaga vumbi la rangi ya majivu, kiasi cha kujaza kijiko. Ukanieleza kwamba hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Kwamba ndani ya mashine mna punje za madini yaitwayo zeolaiti, zinazoishika naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite kwenda kwa mgonjwa. Kwamba kichujio kikizibwa na vumbi, mashine huhema kama mtu anayepanda mlima, hupata joto, na oksijeni ikaanza kupungua. Halafu ukasema jambo ambalo halijanitoka: kuna mashine zimetupwa stoo zikidhaniwa zimekufa, kumbe kilichohitajika ni sponji ya kichujio kuoshwa kwa maji na sabuni.

Dakika kumi tu, na mimi mwandika mabango nikaelewa. Hiyo ndiyo chapa yako, kama mnavyoiita siku hizi. Wahandisi hodari wako wengi Nairobi, ila huyu anayefufua mashine za stoo na kuweza kumweleza muuguzi wa Kitui au Garissa kwa Kiswahili kinachoeleweka namna ya kuzitunza, mimi namjua mmoja tu. Nataka na wengine wamjue.

Kwa hiyo kila wiki andika mtandaoni juu ya mashine moja. Ilikujaje, ilikuwa inalalamika nini, ulipima nini kwanza, ulidhania nini kimakosa kabla ya kupata ugonjwa wenyewe. Hapo penye kosa usiparuke, maana ndipo fundi mwenzako atakapokuamini. Weka picha ya kabla na ya baada. Muuguzi akiuliza swali, mjibu, na usilolijua umwambie utaulizia. Nina hakika maswali yao yatakupa mengi ya kuandika kuliko utakayoyatunga mwenyewe.

Kuhusu jina: majina yako mawili wanayabeba wasichana wengi mno nchi hii. Tumia yote matatu, yale ya kwenye cheti, kwa mpangilio uleule kila mahali, na picha ileile.

Pia kuna jambo la kuta, na hili nalijua kwa uchungu. Niliwahi kuchora ukuta mmoja kwa siku nne, mapambo mpaka kwenye pembe. Duka likapata mmiliki mpya, na asubuhi moja nikapita nikaukuta umepakwa kijani kitupu. Mitandao ni kuta za watu. Google+ ilifungwa mwaka 2019, na yaliyoandikwa humo yakaondoka nayo. Twitter ilibadilishwa jina mwaka 2023 ikawa X, na hakuna aliyemwomba mpangaji ruhusa. Andika huko, kwa sababu ndiko watu wanakopita, lakini uwe na ukuta wako pia. Sajili anwani ya tovuti yenye jina lako, inayoishia na .co.ke au .me.ke (hiyo ya pili iliwekwa kwa ajili ya watu binafsi), na kila unachokiandika kwingine uhifadhi nakala yake hapo. Ada ya mwaka wa kwanza nitatoa mimi.

Wafuasi wa kununuliwa usiwaguse.

Na wagonjwa, mama, wagonjwa uwalinde. Kabla hujaweka picha, itazame mara mbili: kuna kitanda nyuma? Kuna kibandiko chenye jina au namba ya mtu? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na hata bila sheria, yule aliyelala pale ni mzazi wa mtu. Mwombe mkubwa wako wa kazi ruhusa kwa maandishi. Hospitali usiitaje kwa ubaya, hata siku watakapokuwa wamekuudhi. Eleza mashine.

Najua utaona haya mwanzoni. Ulilelewa na mtu aliyekufundisha kunyamaza juu ya kazi ya mikono yako, na naomba radhi kwa hilo.

Nimeshaanza kukuchorea ile mashine, nimeipasua katikati ili watu waone hewa inavyoingia, inavyopita kwenye sponji, na naitrojeni inavyonaswa njiani. Mishale ya oksijeni nimeipaka buluu. Sikumbuki vizuri kama zile punje zinakaa kwenye mtungi mmoja au miwili, kwa hiyo njoo Jumamosi unielekeze kabla sijapaka rangi ya mwisho. Chini kabisa, pembeni upande wa kulia, nimeacha nafasi ya majina mawili, lako na langu.

Baba yako