Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Malindi pia tunataka kufikiri

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Malindi, ambako nafundisha fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa, kuomba taasisi ndogo ya fizikia ya nadharia hapa Pwani, yaani fizikia ya kufikiri na kupiga hesabu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapa Ngomeni. Ilibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina letu: Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Waitaliano walilijenga jukwaa hapa kwa kuwa tuko karibu na ikweta.

Uhuru iliona kwamba Cygnus X-1, chanzo cha eksirei huko angani, inametameta kwa kasi, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kila mwaka nikifika hapo nawapa wanafunzi chaki. Mwanga hukata kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu kinachowaka na kufifia ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde hakiwezi kuzidi upana wa kilomita 30,000, maana habari za upande mmoja haziwezi kufika upande wa pili kwa kasi inayoupita mwanga. Sasa Jua letu lina upana wa kilomita milioni 1.4, na kitu hicho kina maada ya majua yapatayo 21. Ndiyo maana wanafizikia walianza kusema: hili huenda ni shimo jeusi, kitu kilichoshindiliwa hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake.

Hesabu hiyo haihitaji roketi, Mheshimiwa. Inahitaji ubao, na mtu aliyepewa muda wa kufikiri.

Msichana mmoja aliimaliza kabla sijageuka. Alipoingia chuoni aliambiwa hakuna mhadhiri wa kumsimamia katika fizikia ya nadharia. Leo anasomea uhasibu. Uhasibu ni kazi ya heshima, lakini sikuwahi kumwona akikesha kwa ajili yake.

Mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistan aliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia ya nadharia Trieste, Italia, ili wasomi wa nchi kama zetu wasilazimike kuchagua kati ya kwao na utafiti wao. Kigali wameshapata taasisi yao ya namna hiyo tangu 2018, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kwa kushirikiana na Trieste. Sisi roketi zilirukia kwetu, na bado watoto wetu hawana pa kwenda.

Naomba taasisi ndogo chini ya chuo kikuu cha umma hapa Pwani: wahadhiri watano, wanafunzi kumi wa uzamili wenye posho ya kujikimu, maktaba, intaneti isiyokatika. Hata nyumba ya kukodi itatosha kuanzia. Kinachogharimu ni posho, na hiyo msiipunguze, kwani kijana anayetegemewa nyumbani hawezi kuwaza nyota huku mdogo wake amefukuzwa karo.

Niko tayari kuja Nairobi kwa nauli yangu. Nitakuja na daftari la yule msichana. Ameniruhusu.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa fizikia, Malindi